Nani Alikuwa Akitoka?



Kabla hujaanza kusoma uchambuzi wa vitabu teule katika mwongozo huu, nataka usome sentensi moja. Isome polepole, kama anavyoisoma mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake na kalamu nyekundu mkononi:

"Haya ni maneno ya Neema akimwambia Bunju akiwa nyumbani."

Sasa nijibu. Nani alikuwa nyumbani?

Najua utasema, "Wote wawili, mwalimu. Si ni mke na mume?" Huenda. Lakini sentensi yako haikusema hivyo. Imesema "akiwa", yaani mtu mmoja, na haikutuambia ni yupi. Wewe unajua ulichokusudia kwa sababu umeisoma Bembea ya Maisha. Mtahini naye ameisoma. Hata hivyo, kazi yake ni kutuza kile ulichoandika. Kile ulichobaki nacho kichwani hakioni.

Mimi nimefundisha Kiswahili na Historia kwa muda wa miaka ishirini hivi, na nimesahihisha mtihani wa kitaifa mara kadhaa. Kiambishi -ki- nimekieleza ubaoni mara nyingi sana. Lakini nakiri kwamba sikukielewa sawasawa mpaka siku kiliponifanya nimwonee mtoto wa mtu. Nitakusimulia jambo hilo jinsi lilivyokuwa, kisha tulitazame somo lenyewe, kisha turudi kwenye jibu lako la fasihi. Usiruke sehemu yoyote.

Yaliyotokea

Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka 2014. Nilikuwa nafundisha katika shule moja ya kutwa ambayo wanafunzi wake wengi walitoka Kawangware. Mimi pia nilikuwa nimepanga nyumba huko huko, karibu na steji ya 56, ile iliyopata jina lake kutokana na nambari ya matatu. Ukiwa mkazi wa huko unajua kwamba hatusemi "naishi Kawangware" tu. Mtu atakuuliza, "Kawangware gani, 46 au 56?"

Wakati huo riwaya iliyokuwa ikitahiniwa ni Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na tamthilia ilikuwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamechanga pesa ili waende kutazama tamthilia ikiigizwa jukwaani. Zilikuwa zimefika shilingi 4,200. Mwenzangu aliziweka katika bahasha, akaiweka bahasha kwenye droo ya meza yake katika chumba cha walimu. Saa ya chakula cha mchana bahasha haikuwepo.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Nilianza kuuliza maswali. Msichana mmoja, kiongozi wa darasa, alikuwa amepeleka madaftari ya Kiswahili katika chumba hicho muda mfupi kabla ya kengele. Nilimwuliza kama alikuwa ameona mtu yeyote. Akanitajia mvulana wa darasa lake, akasema:

"Nilimkuta mlangoni nikitoka chumba cha walimu."

Nilimshukuru, nikafungua daftari la zamu, na kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika:

"Msichana anasema kwamba alimkuta mvulana mlangoni akitoka katika chumba cha walimu."

Rudia kusoma sentensi hizo mbili. Nilichokifanya ndicho tunachokufundisha: niligeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. "Nilimkuta" ikawa "alimkuta". "Nikitoka" ikawa "akitoka". Kwa kanuni za ubaoni, nilistahili alama zote.

Daftari lilipelekwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, na kutoka kwake likaenda kwa kamati ya nidhamu. Mvulana aliitwa. Aliulizwa alichokuwa akitafuta ndani ya chumba cha walimu. Akasema hakuingia, alikuwa amefika mlangoni kumngoja mwalimu wa Hisabati. Akasomewa maandishi yangu: shahidi anasema ulikuwa ukitoka. Akarudia kwamba hakuingia. Kamati ikaona kwamba, mbali na kuiba, kijana huyu pia ni mwongo. Alisimamishwa masomo kwa majuma mawili. Juma lililofuata ndilo la mtihani wa majaribio.

Mimi sikuwa katika kamati. Nilikuwa darasani, na lo, nilikuwa nikifundisha Kidagaa Kimemwozea! Tulikuwa tumefika pale Amani na Imani wanapotiwa mbaroni kwa sababu ya kifo cha mtoto Uhuru, kifo ambacho hawakukisababisha. Niliwaeleza wanafunzi kwa uchungu mwingi jinsi mnyonge anavyohukumiwa bila kusikizwa. Kiti cha yule mvulana kilikuwa kitupu mbele yangu.

Swali la mama

Mama yake alikuwa akiuza chapati na maharagwe hatua chache kutoka steji ya 56. Jioni nyingi nilipita kwake. Siku zote alikuwa akinikaribisha kwa sauti: "Karibu mwalimu, za leo ni za moto!" Jioni ya siku ya tatu baada ya mwanawe kufukuzwa, hakunikaribisha. Alinisubiri nifike karibu, akapunguza moto wa jiko, akaniuliza:

"Mwalimu, mtoto wangu anasema hakuingia mle ndani. Wewe ulimwona?"

"Mimi sikumwona, mama," nikamjibu. "Kuna mwenzake aliyemwona."

"Huyo aliyemwona, alimwona akifanya nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilitaka kusema, "Alimwona akitoka." Lakini kabla maneno hayajanitoka nilisikia tena sauti ya yule msichana: nikitoka. Hakuwa amesema "akitoka". Nilisimama pale huku makanga wakiita abiria nyuma yangu, nikashindwa kumjibu mama wa watu. Nilimwambia tu, "Nipe mpaka kesho."

Asubuhi nilimwita msichana. Nilimsomea nilichoandika. Akashtuka.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nikitoka. Yeye alikuwa amesimama nje. Hata mlango hakuushika."

Nilikwenda kwa naibu na daftari langu mkononi. Haikuwa rahisi kumweleza mtu mzima, na mbele ya walimu wenzangu, kwamba mtoto amefukuzwa kwa sababu ya herufi moja. Mmoja wao alisema natafuta njia ya kumtetea jirani yangu. Lakini msichana aliitwa, akarudia maneno yake, na kamati ikakubali. Mvulana alirudishwa. Alikuwa amekosa karatasi mbili za mtihani wa majaribio. Zile pesa hazikuonekana hadi leo, na aliyezichukua hakujulikana.

Jioni hiyo nilimwendea mama yake kuomba msamaha. Nilimweleza kwamba lilikuwa kosa langu, si la msichana wala la kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Nimesikia, mwalimu, na nimekusamehe. Lakini siku alipoitwa mwizi walikuwa wengi wakisikiliza. Hao wengi nao wasikie."

Alisema kweli. Ijumaa, katika gwaride la asubuhi, nilisimama mbele ya shule nzima nikaeleza nilichokiandika na jinsi kilivyokuwa na makosa. Tangu siku hiyo kila ninapofundisha -ki- huanza na sentensi ile.

Kosa lilikuwa wapi?

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji wake mwanzoni. Ukisema "nikitoka", ile ni- imekwisha kutuambia ni nani. Ukisema "wakitoka" tunajua ni wengi. Ukisema "likitoka" tunatafuta nomino ya ngeli ya LI-YA. Ndiyo maana sentensi kama hizi hazina utata wowote:

"Basi lilimpita mzee likipanda mlima."
"Basi lilimpita mzee akipanda mlima."

Katika ya kwanza, basi ndilo lililokuwa likipanda. Katika ya pili, ni mzee. Neno moja limebadilisha kiambishi chake, na picha nzima imebadilika. Hii ni nguvu kubwa ya lugha yetu, na wengi wetu tunaitumia bila kuifikiria.

Nguvu hiyo huisha pale watendaji wawili wanapokuwa wa nafsi moja na ngeli moja. Msichana ni a-. Mvulana ni a-. "Alimkuta akitoka" inaweza kumhusu yeyote kati yao. Msichana aliponisimulia mwenyewe, yeye alikuwa ni- na mwenzake alikuwa a-, kwa hiyo hapakuwa na utata. Mimi nilipoigeuza kuwa taarifa, niliwafanya wote wawili kuwa a-. Kanuni ya usemi wa taarifa niliifuata, lakini sikusimama kujiuliza kama maana imebaki ileile.

Basi chukua kanuni hii ya kwanza: kila unapobadilisha ni- kuwa a- katika usemi wa taarifa, hesabu watu waliomo katika sentensi. Wakiwa wawili, panga upya maneno yako.

Ningeweza kuandika hivi: "Msichana anasema kwamba yeye alipokuwa akitoka katika chumba cha walimu, alimkuta mvulana amesimama mlangoni." Au kama ingekuwa kinyume: "Msichana anasema kwamba alimkuta mvulana, ambaye alikuwa akitoka katika chumba cha walimu." Ona kwamba sikuongeza maneno mengi. Nilimweka mtendaji karibu na kitendo chake, basi.

Kiingereza nacho kinasemaje?

Baada ya mkasa ule nilizungumza na mwenzangu anayefundisha Kiingereza. Nilidhani atanicheka. Badala yake alichukua karatasi akaniandikia sentensi mbili:

"Coming out of the staffroom, the girl met the boy."
"The girl met the boy coming out of the staffroom."

"Tazama neno coming," akaniambia. "Halina ni-, halina a-, halina wa-. Halijabadilika hata kidogo. Kinachotuambia nani alikuwa akitoka ni mahali neno hilo lilipowekwa."

Katika sentensi ya kwanza, kishazi cha -ing kimetangulia na kutengwa kwa koma. Msomaji wa Kiingereza hungoja kishazi kikuu kinachofuata, na nomino ya kwanza anayokutana nayo hapo huifanya kuwa mtendaji. Nomino hiyo ni msichana. Katika sentensi ya pili, kishazi cha -ing kimekaa nyuma ya mvulana, na wasomaji wengi watakipachika kwa mvulana.

Ndiyo sababu mwalimu wako wa Kiingereza hukukosoa ukiandika: "Walking to the stage, the rain started." Kwa kanuni yao, umesema mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda steji! Lazima uandike "Walking to the stage, I was caught in the rain," au umtaje mtendaji: "As I was walking to the stage, the rain started."

Sasa iweke sentensi hiyo katika Kiswahili: "Nikitembea kuelekea steji, mvua ilianza kunyesha." Hakuna kosa lolote. Watendaji ni wawili, mimi na mvua, lakini ni- na i- zimewatenganisha. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea insha ambamo alikuwa ameifuta sentensi nzuri ya namna hiyo akidhani kwamba lile kosa la Kiingereza ni kosa pia katika Kiswahili. Usihamishe sheria za nyumba moja kwenda nyumba nyingine. Katika Kiingereza chunga mahali. Katika Kiswahili chunga kiambishi, na viambishi vikifanana, ndipo uchunge mahali pia.

-ing moja, Kiswahili njia nyingi

Wengi wenu mnasoma masomo mengi kwa Kiingereza, kwa hiyo mawazo huja kichwani yakiwa na -ing, kisha mnayatafutia Kiswahili. Tatizo ni kwamba -ing moja hufanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawanya. Zijue hizi:

1. Jina la kitendo: tumia ku-. "Reading helps" ni "Kusoma kunasaidia."

2. Kitendo kinachoambatana na kingine: tumia -ki-, au "huku". "She came crying" ni "Alikuja akilia." Ukisema "Alikuja huku akilia," umesisitiza kwamba vitendo vyote viwili vilikwenda pamoja.

3. Kumtambulisha mtu au kitu: tumia kirejeshi. "The woman selling chapati" ni "mwanamke anayeuza chapati".

4. Njia ya kufanyia jambo: tumia "kwa" na ku-. "He passed by reading" ni "Alifaulu kwa kusoma."

5. Kitendo kilichomalizika kabla ya kingine: tumia "baada ya" au -po-. "Having eaten, they left" ni "Baada ya kula, waliondoka," au "Walipokwisha kula, waliondoka."

6. Sababu: itaje waziwazi. "Being ill, he stayed at home" ni "Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, alibaki nyumbani."

7. Ukanushaji: tumia "bila" na ku-, au -si- ya dhamira tegemezi. "Without looking" ni "bila kutazama". "Not knowing what to do, she kept quiet" ni "Asijue la kufanya, alinyamaza," au "Kwa kuwa hakujua la kufanya, alinyamaza."

Hapo kwenye nambari ya 7 ndipo wengi huteleza. Wanajua kwamba kinyume cha "ukisoma" ni "usiposoma". Kwa hiyo wanaandika "Asipojua la kufanya, alinyamaza." Lakini -sipo- ni ya masharti. "Asipojua" maana yake ni "kama hatajua". Haiwezi kukanusha -ki- ya vitendo vinavyoambatana.

Mitego mingine minne

Mtego wa kwanza ni wa masharti. "Akitoka ofisini, nitampa barua" ni sharti au wakati ujao. "Nilimwona akitoka ofisini" ni kitendo kilichokuwa kikiendelea. Kiambishi ni kilekile. Kitenzi kikuu ndicho kinachokuonyesha njia: kikiwa cha wakati ujao, mara nyingi -ki- ni ya sharti, kikiwa cha wakati uliopita, mara nyingi ni ya kuambatana. Ukiulizwa katika karatasi ya pili ueleze matumizi ya -ki- katika sentensi, anza kwa kukitazama kitenzi kikuu.

Mtego wa pili ni wa vitendo vinavyofuatana. Kiingereza husema "Hearing this, she cried," na mwanafunzi huandika "Akisikia haya, alilia." Lakini alisikia kwanza, kisha akalia. Sema "Aliposikia haya, alilia," au "Alisikia haya, akalia." Wasimulizi wetu hutumia pia ku-: "Kusikia vile, akaangua kilio." Hicho ni Kiswahili kizuri, lakini hiyo ku- ni ya kitendo kinachofuatwa na kingine papo hapo. Usiandike "Kutembea barabarani, niliona ajali," kwa sababu hapo ulikuwa bado unatembea. Andika "Nikitembea barabarani, niliona ajali."

Mtego wa tatu ni wa vitenzi vya silabi moja. Katika -ki- tunaiacha ku-: akila, akija, akinywa. Huko 56 utasikia "akikuja" na "akikula" kutwa nzima, na hakuna atakayekukamata. Katika karatasi ya mtihani utakamatwa.

Mtego wa nne ni wa "nilimwona anatoka". Ni mazungumzo ya kawaida ya mtaani. Katika insha na katika majibu ya fasihi, andika "nilimwona akitoka".

Rudi sasa kwenye vitabu teule

Katika karatasi ya tatu utakutana na dondoo, na mara nyingi swali la kwanza litakuwa: "Weka dondoo hili katika muktadha wake." Kwa kawaida swali hili huwa na alama 4: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Unahitaji kuwataja watu wawili, mahali na kisa, katika sentensi moja au mbili. Huoni kwamba ni hali ileile ya daftari langu la zamu? Watu wawili, wote ni a-, na kitendo kinachoendelea.

Tazama majibu haya dhaifu:

"Sara anazungumza na Yona akiwa amelewa."
"Tunu anamwambia Sudi akiwa na hasira."

Katika la kwanza, nani amelewa? Aliyeisoma Bembea ya Maisha anajua ni nani mwenye tatizo la ulevi katika nyumba ile, lakini sentensi yenyewe inamsingizia Sara nusu ya kosa. Katika la pili, hasira ni za nani? Katika Kigogo wote wawili wana sababu za kukasirika. Usimwache mtahini akikisia. Andika hivi:

"Msemaji ni Sara. Anamwambia Yona, ambaye amelewa."
"Msemaji ni Tunu. Yeye ana hasira, na anamwambia Sudi."

Na wote wakiwa mahali pamoja, tumia wa-: "Neema anamwambia Bunju maneno haya wakiwa nyumbani kwao." Herufi mbili tu, wa- badala ya a-, na mahali pamekuwa wazi.

Jambo hili halikomei kwenye muktadha. Unapoeleza sifa za mhusika, unapoeleza nani alimdhulumu nani, nani alimkimbia nani, nani alikuwa akidanganya na nani akidanganywa, unafanya kazi ya shahidi. Wahusika wa vitabu hawawezi kufika katika kituo cha mtihani kujitetea. Ukimpa mnyonge hatia ya mwenye nguvu kwa sababu ya kiambishi kilichokaa vibaya, umeharibu hoja yako yote, hata kama ulikuwa unaijua.

Jaribu mwenyewe

Kila sentensi hapa chini ina utata. Iandike mara mbili, kila mara ukitoa maana moja tu. Kisha mpe mwenzako asome bila kumweleza, umwulize ameelewa nini. Akielewa ulichokusudia, umefaulu.

1. Makanga alimsukuma abiria akishuka.
2. Ashua alimwona Sudi akilia.
3. Mwalimu alimsalimia mzazi akiingia lango.
4. Mama alimwacha binti akiwa mgonjwa.
5. Geuza iwe usemi wa taarifa bila kupoteza maana: "Nilimkuta mlangoni nikitoka," msichana alisema.

Hiyo ya tano usiifanye haraka. Mimi niliifanya haraka.

Yule mvulana alifanya mtihani wake wa kitaifa mwaka huo huo pamoja na wenzake. Mama yake aliendelea kuuza chapati pale pale karibu na steji, nami niliendelea kupita. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile. Ila mara moja moja nilipomwambia kwamba nimemwona mwanawe huko njiani, alikuwa akiinua macho kutoka kwenye jiko na kuniuliza kwa utaratibu, "Ulimwona akifanya nini, mwalimu?"

Nami nilijifunza kujibu vizuri.